Mbio za Mayai Mabichi

Kila asubuhi ya likizo, Chapuchapu alifagia banda la kuku, akaokota mayai, kisha akapanda baiskeli ya bibi yake kufanya mazoezi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakujua kutembea. Alijua kukimbia tu.

Sherehe ya mji ule ilikuwa kituko. Zamani wauza mayai walipita barabara mbovu polepole ili mzigo usivunjike. Mji uliwakumbuka kwa mbio za baiskeli ambazo anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Kila mwendeshaji hufunga trei ya mayai mabichi nyuma. Akikanyaga chini, au nusu ya mayai ikivunjika, ametoka, na nyumba yake haishiriki tena. Bibi hakuwahi kukosa. Sasa magoti yake yaligoma, na nafasi ya nyumba ilibaki kwa mjukuu wake wa kike.

Lakini kila siku Chapuchapu alianguka, ute wa mayai ukachuruzika hadi kwenye tairi.

"Yachemshe," binamu yake alimnong'oneza. "Yai lililoiva halimwagiki. Nani atajua?"

Siku ya mbio, bibi alichukua yai kwenye trei, akalizungusha mezani. Lilizunguka kama pia.

"Yai bichi huyumbayumba kama mlevi," alisema. "Hili limeiva. Mke mwenzangu, unanitafutia aibu uzeeni?"

"Sikutaka tuondolewe, Bibi."

"Basi tuondolewe kihalali. Chukua mabichi, au baki hapa uwalinde kuku."

Chapuchapu alifuta machozi, akapanga mabichi.

Barabarani watu walimtania. "Wewe! Konokono anaomba njia!" Aliuma meno. Mbele yake fundi viatu alianguka mwereka, trei ikamfunika kichwa. Chapuchapu alitaka kukwepa haraka, akajizuia. Gurudumu lilizama shimoni. Nyuma mayai mawili yakapasuka. Mguu ukataka kushuka. Akaukatalia, akakanyaga pedali taratibu mpaka mwisho, watu wakimshangilia.

Nyuma yake alibaki muuza mkaa peke yake. Huyo ndiye aliyeshinda.

"Nimeshindwa, Bibi."

"Umeshindwa na mtu, hukushindwa na barabara. Nafasi yetu ipo." Bibi alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga. "Ungefika na yale ya kuchemsha, watu wangeshangilia kazi ya sufuria. Leo wameshangilia yako."