Kalamu Iliyozima Ukumbini

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni. Manyunyu yalianza alfajiri, na kengele ilipolia madirisha ya darasa la saba yalikuwa yametoka jasho.

Katika darasa hilo, kabla ya majina kuitwa, mwenye zamu alisimama karibu na kabati na kutangaza hali ya vifaa. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Kasi, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa sababu alikula upesi, alitembea upesi, na mara nyingi alijibu swali kabla halijaisha.

“Kishikwambi kimejaa, kalamu imejaa,” Kasi alitangaza.

“Umeangalia?” aliuliza mwalimu wa sanaa.

“Nimeangalia, mwalimu.”

Kweli aliangalia, ila nusu. Aliona alama ya betri ya kishikwambi kwenye kona ya skrini, akaona yatosha. Kalamu ya kuchorea ilikuwa na betri yake yenyewe, na chaji yake haikuonekana mpaka ushushe pazia la juu la skrini na kutafuta alama ndogo ya kalamu. Wiki nzima Kasi hakuwa amelishusha pazia hilo. Maneno yalishazoea kutoka yenyewe.

Nayo siku hiyo haikuwa ya kawaida. Zahanati ya jirani ilikuwa imejenga ukuta mpya, na shule tatu zilialikwa kuchora picha ya kufundisha kunawa mikono, palepale mbele ya watu. Picha itakayoshinda ingepakwa ukutani. Kasi ndiye aliyechaguliwa na shule yake.

Bibi yake alikuwa amemwekea mkono kichwani kabla hajatoka nyumbani. “Ee Mungu, utie nuru mkono wa mjukuu wangu. Amina.” Kisha akaongeza, “Nitakaa benchi la mbele. Ukuta ule nitaupita kila ninapokwenda kupima presha. Nataka niwe naiona kazi yako.”

Ukumbi wa zahanati ulijaa, darasa la saba zima likiwemo. Shule nyingine mbili zilichora kwanza, zamu ya Kasi ikawa ya mwisho. Kila alichochora Kasi kwenye kishikwambi kilimulikwa kikubwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele. Alichora bomba, akachora ndoo, akamchora mama aliyeinama. Alipofika kwenye mikono ya mtoto, mstari ukakatika. Akabonyeza. Akaitikisa kalamu. Wapi.

“Ipulize,” alinong’ona rafiki yake aliyeketi nyuma yake.

“Kwani ni jiko la mkaa?”

Mwalimu akasogea. “Kuna nini?”

Jana yake darasa la sita walikuwa wameitumia kalamu ile. Ingekuwa rahisi kusema wameiharibu, na hakuna ambaye angebisha. Kasi alitazama benchi la mbele. Midomo ya bibi ilikuwa inacheza taratibu, alikuwa anamwombea.

“Haijaharibika, mwalimu. Imeisha chaji. Nilikuwa natangaza imejaa bila kuiangalia.”

Mnong’ono ukapita ukumbini. Muuguzi mkuu, aliyesimamia shindano, akatazama saa yake. “Muda wako unakwenda, binti.”

“Ibandike ubavuni mwa kishikwambi, penye sumaku,” mwalimu alisema kwa sauti ya chini. “Itaanza kula chaji.”

“Na mimi nifanye nini ikiwa inakula?”

“Una vidole kumi. Hivyo havichajiwi.”

Kasi akachovya kidole kwenye rangi ya skrini na kupaka anga. Akapaka ardhi, akapaka maji. Kidole kilikuwa kinene mno kwa mistari myembamba, lakini kila alipogusa kiliacha duara zuri. Akatua. Duara! Akagusa tena na tena kuzunguka mahali mikono itakapokaa, na shuka likajaa povu la sabuni, jeupe na lililoumuka, hata mtoto mmoja akaunyoosha mkono kulishika. Watu wakacheka.

Akashusha pazia. “Asilimia nne,” akasoma kwa sauti. Akaendelea na povu, kisha akalishusha tena.

“Ngapi sasa?” akauliza mzee mmoja wa benchi la nyuma.

“Kumi na moja, babu.”

“Basi chukua kalamu, mwanangu, tuone hiyo mikono.”

Kasi akaichukua. Safari hii hakuwa na haraka. Vidole vya mtoto vikajitokeza kimoja kimoja katikati ya povu, na alipochora kucha ya mwisho, muuguzi mkuu akainua mkono kuonyesha muda umekwisha.

Haikuchukua muda kuamua. “Povu hili,” alisema muuguzi mkuu, “hata asiyejua kusoma litamfundisha. Ukuta ni wenu.” Darasa la saba likalipuka kwa vigelegele, na rafiki yake akamrukia mgongoni.

Bibi alimfuta machozi ya furaha kwa ncha ya kitambaa chake. “Nilimwomba Mungu atie nuru mkono wako,” alisema. “Sikumwomba akuangalizie chaji. Hiyo amekuachia wewe.”

“Na ukweli wako ndio ulioiokoa kazi,” mwalimu aliongeza. “Ungesingizia wenzako, tungebaki kutafuta mchawi mpaka muda uishe. ‘Nimeangalia’ ni neno la macho, Kasi. Mdomo uyafuate macho, usiyatangulie.”

“Haya, mwenye zamu,” rafiki yake akamtania, “hali ya vifaa?”

Kasi akashusha pazia la skrini, akatazama vizuri, kisha akawageukia watu wote.

“Kalamu ina asilimia sita, nimeiona. Na mbele ya bibi yangu, mwalimu wangu na ninyi nyote, naahidi: sitasema tena nimeangalia kabla sijaangalia.”