Kwa Nini Barua za Korosho Hazikujibiwa

Asubuhi hiyo wanawake wa kikundi cha Tupendane, kijijini Chilangala, walikuwa wakibangua korosho kama kawaida. Walikuwa wamejipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasiwaunguze. Mama Salmini alimtania Oliva kwamba anabangua moja, anakula mbili. Wote walicheka, isipokuwa Stamili.

Stamili, mama wa Wema, ndiye katibu. Kazi yake ni kuwaandikia wateja barua pepe: maduka na hoteli za Iringa, Dodoma na Mwanza. Zamani akituma barua leo, kesho kutwa anapata oda. Sasa ilikuwa wiki ya tano na hakuna aliyejibu. Katoni zilijaa stoo, na wengine walianza kunong'ona kuhusu uchawi. Mwenyekiti, Mama Fakihi, alikuwa amesema kwa upole kwamba Jumamosi wakae waamue: kikundi kiendelee, au kivunjwe na kila mmoja apeleke korosho ghafi chama cha msingi cha ushirika kama zamani.

Mchana simu iliita. Alikuwa Erasto, mwenye duka Iringa, mteja wao wa siku nyingi. Alisema alidhani wameacha biashara. Kumbe barua zao zote zilikuwa kwenye folda ya spamu, mahali ambapo barua zinazotiliwa shaka hutupwa. Binti yake alizikuta huko akitafuta kitu kingine. Juu ya kila barua kulikuwa na onyo kwamba huenda ni ya matapeli.

"Dada, mko salama kweli?" Erasto aliuliza.

Tapeli. Jina kama hilo kijijini halitoki kwa kuoga. Stamili aliwaza kwamba mtu ameiba nywila yake. Aliwaza polisi. Hakumwambia mtu.

Kesho yake alipanda bodaboda mpaka Newala mjini, kwenye steshenari ya Mama Optatus, mama aliyejifunza kompyuta mwenyewe kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mama Optatus."

"Marahaba, Mama Wema. Mbona uso umekauka? Mmefiwa?"

Stamili alimweleza yote. Mama Optatus alivaa miwani, akakagua. Nywila ilikuwa salama, hakuna aliyeingia. Kisha akafungua orodha ya watu wanaotumiwa barua, akaisoma taratibu hadi mwisho.

"Hawa watu mia mbili na zaidi umewapata wapi?"

Stamili alisema kweli. Muda mfupi kabla ya wiki hizo tano alikuwa amekwenda semina ya wajasiriamali Masasi. Lile daftari la mahudhurio, ambamo kila mtu huandika jina, simu na barua pepe, lilipomfikia alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Nyumbani akaingiza anwani zote kwenye orodha. Alidhani aliyeandika anwani yake yuko tayari kuandikiwa.

"Walisaini kwamba wamehudhuria semina," Mama Optatus alisema. "Hawakusaini kuomba korosho."

Akaeleza. Watu wale walipata barua wasizoziomba, wakabonyeza kitufe cha kusema hizi ni taka. Anwani nyingine zilikosewa, barua zikarudi. Kampuni za barua pepe huona hayo yote. Zikiona barua zako zinakataliwa na wengi, huanza kuzitilia shaka hata zile za wanaokutaka. Isitoshe, vichwa vya barua viliandikwa kwa herufi kubwa tupu: NUNUA SASA, OFA YA MWISHO. Matapeli nao huandika hivyo hivyo.

"Kwa hiyo nimekiua kikundi?"

"Umekipaka matope. Matope huoshwa, ila kwa subira."

Wakafuta majina yote ya semina. Stamili aliona kama anatupa wateja. Walibaki ishirini na sita, waliowahi kuomba wenyewe kuandikiwa. Mama Optatus akamshauri waache anwani ya bure ya barua pepe, wasajili jina la mtandao la kikundi ili anwani yao iishie nalo, na fundi aliwekee alama za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwao kweli.

"Ni kama muhuri wa mtendaji kwenye barua ya utambulisho," alisema. "Bila muhuri utatiliwa shaka, hata kama husemi uongo."

Alisema pia kila barua iwe na kichwa cha kawaida, jina la kikundi, kijiji na simu. Zitumwe chache kwanza, si zote kwa mkupuo. Wateja wa zamani wapigiwe simu wakatafute barua kwenye spamu, waoneshe kwamba si taka, na waihifadhi anwani mpya. Na mwisho wa kila barua mtu aelezwe namna ya kujiondoa.

Hapo Stamili aliogopa tena. "Si wataondoka wote?"

"Asiyeuona mlango wa kutokea atakushtaki kwa kitufe cha taka. Anayeuona hutoka kimya, au hubaki."

Jumamosi Stamili alisimama mbele ya wenzake na kusema yote, macho chini. Mama Salmini ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Kumbe si uchawi, ni daftari."

Wakacheka. Mama Fakihi akampa wiki tatu za kurekebisha mambo.

Jina la mtandao likapatikana, alama zikawekwa. Stamili akawapigia simu wateja wa zamani. Jumatatu akatuma barua sita tu. Siku mbili zikapita kimya. Jumatano likaja jibu kutoka Mwanza: "Nimefunga duka. Naomba mniondoe."

Stamili akampigia Mama Optatus kumweleza habari za mteja wa Mwanza.

"Amejibu?"

"Amejibu kukataa."

"Basi imefika, Mama Wema. Barua iliyoko takani haikataliwi."

Stamili alimwondoa mtu yule siku hiyo hiyo, akamshukuru. Alhamisi Erasto aliagiza katoni nne. Wiki iliyofuata hoteli ya Dodoma ikaagiza kumi. Wiki ya tatu ilipoisha, hakuna aliyetaja tena kuvunja kikundi.

Siku hizi mgeni akinunua korosho zao, Stamili humuuliza kwanza: "Nikuandikie bei zikitoka?" Kisha husubiri. Akisema ndiyo, humwandika. Akinyamaza, humfungia korosho zake vizuri na kumtakia safari njema.