Tumbo Lililoitwa Safi

Mwashi alikuwa mtu wa mizaha. Kila aliporudi kutoka kazini na saruji mpaka kwenye nyusi, mkewe mshonaji alimkataza kiti.

"Usikae hapo, mume wangu. Utaganda."

"Nikiganda, utapata nguzo ya nyumba bure."

Siku moja aliteleza kwenye jukwaa la ujenzi, akaangukia ubavu juu ya matofali. Aliinuka, akajipangusa, akawachekesha wenzake. Baadaye tumbo likaanza kumkaza. Mkewe alimpeleka hospitali. Walipoambiwa daktari anakuja kumpima tumbo, alimpeleka mumewe chooni kwanza, asije akaaibika kitandani.

Aliyekuja alikuwa daktari kijana, anayejifunza upasuaji. Alisukuma mashine ya altrasaundi, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwenye kioo. Alimpaka mwashi jeli, akapitisha kifaa tumboni huku na huku. Wagonjwa walikuwa wengi, na yeye alikuwa hoi.

"Tumbo ni safi, mama. Chukueni dawa ya maumivu, akapumzike nyumbani."

Walimshukuru sana. Kulipokucha, mwashi hakuamka. Waliochunguza mwili wake walikuta tumbo limejaa damu.

Sitakuficha, msomaji. Hadithi hii haina faraja nyingi.

Baada ya mazishi, mshonaji alikwenda hospitali pamoja na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Walipokewa na daktari bingwa, mama wa makamo anayewafundisha wapasuaji. Daktari kijana alisimama nyuma yake, macho chini.

"Mlisema ni safi," mshonaji alisema. "Mashine yenu ni mbovu?"

"Mashine ni nzima, mama. Tuliokosea ni sisi," bingwa alijibu. "Mashine haitafuti damu. Anayeitafuta ni daktari. Damu ikivuja tumboni hukimbilia mabondeni: kando ya ini, kando ya bandama, na kule chini karibu na kibofu. Kibofu kikiwa na mkojo, kule chini kunaonekana vizuri. Kikiwa kitupu, kunajificha."

Mshonaji alishika mdomo. "Mimi ndiye niliyempeleka chooni."

"Hukukosea wewe. Daktari alipaswa kuuliza, asubiri, kisha aangalie tena. Damu ikiwa kidogo, huenda isionekane mara ya kwanza. Mtu aliyeanguka na tumbo linamuuma, hatumruhusu aondoke kwa kumtazama mara moja tu."

"Si wewe mwalimu wake?" shemeji alifoka. "Hukumwambia?"

"Nilimwonyesha siku moja. Kisha nikamwacha ajifunzie kwa wagonjwa."

"Kumbe kaka yangu alikuwa daftari la mazoezi!"

 

Bingwa alisema kwamba sasa wanafunzi wake watafanya mazoezi kila wiki, naye akiwa pembeni yao. Watawatazama kwanza watu wasio wagonjwa, wazijue njia za tumbo. Lakini watu wa kujitolea hawapatikani. Wanaiogopa mashine.

"Inaunguza?" mshonaji aliuliza.

"Haiunguzi wala haikati. Inatumia sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliisikii."

"Shemeji, twende zetu," mdogo wa marehemu alisema. "Hawa wameshatumaliza."

Waliondoka. Wiki iliyofuata mshonaji alirudi peke yake. Alikuwa amekunywa maji mengi, kibofu kimejaa. Alipanda kitandani, akamwita daktari kijana.

"Mama, mwingine aanze," kijana alisema.

"Anza wewe. Nina hasira nawe, na haijaisha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Haya, tazama."

Jeli ilikuwa baridi. Kijana alitazama kioo.

"Naona ini. Naona figo. Kati yake ni safi."

"Usiseme safi," bingwa alimkatiza. "Umefika kwenye ncha ya ini? Damu hupenda kuanzia pale. Rudi."

Alirudi, taratibu. "Nimefika. Sijaona damu. Nitaangalia tena."

"Hivyo ndivyo," bingwa alisema.

Mshonaji aliendelea kwenda kila wiki. Miezi ikapita. Siku moja kijana alimfuata kwenye chumba chake cha kushonea. Alimkuta akipunguza suruali za marehemu ziwatoshe wanawe.

"Mama, mpakizi mmoja alianguka kutoka kwenye lori. Nilimtazama, sikuona damu. Nikamzuia asiondoke, nikamtazama tena. Nikaona mstari mweusi kwenye ncha ya ini: damu. Tulimpasua. Jana alikwenda kwao kwa miguu yake."

Mshonaji alifurahi. Alifurahi kwelikweli, akamshukuru Mungu. Kisha akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Ulikaa muda gani kabla ya kumtazama tena?"

"Kama saa moja hivi, mama."

"Saa moja," mshonaji alisema. "Sisi tulikaa zaidi ya hapo, palepale hospitalini, kwenye foleni ya dawa."

Kijana alivuta kigoda. Alikaa naye mpaka mshonaji alipomaliza kulia.