Waheshimiwa Hawapekuliwi

"Ng'ombe mweusi kapanda gari moshi la asubuhi."

Telegramu ilikuwa hiyo tu. Gideon Thorpe aliisoma, akaitumbukiza kwenye jiko la makaa.

Kwa lugha yao ya siri, ng'ombe mweusi alikuwa jasusi wa waasi wa Kusini, waliokuwa vitani na serikali ya Marekani. Na gari moshi la asubuhi lilimshusha Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, mgeni mmoja tu: wakili Lemuel Pruitt, mbunge mpya wa wilaya ya milimani, aliyekuja kujaza kiti cha mbunge aliyefariki.

Gideon hakumwamini hata chembe. Kabla ya vita Gideon mwenyewe alikuwa wakili wa mashambani, akizunguka na jaji mji hadi mji kutetea wezi wa farasi. Uwakili ulimpeleka kwenye bunge la Ohio, na bungeni gavana akamtia kwenye ushushushu. Kazi zote hizo zilimfunza kuuliza swali dogo, kisha kunyamaza.

Saa nane mchana kamati ya silaha ingekagua ghala la baruti la jimbo. Gideon, Pruitt, na mwenyekiti Silas Wickham. Waheshimiwa hawapekuliwi mlangoni. Na mlinzi wa zamu alikuwa Amos, mdogo wake Gideon, ndugu pekee aliyeachiwa na vita.

Ghala likilipuka, Amos hapatikani hata wa kuzika.

Walikula mchana kwa Bi. Gorham, walikopanga wabunge wengi. Nyama ya nguruwe na maharage. Pruitt aliubana mkoba wake katikati ya miguu, hakuuachia hata alipojinyoosha kuchukua chumvi.

"Silas, huyu umemtoa wapi?" Gideon aliuliza, akitabasamu.

"Huyu? Jamaa yangu wa siku nyingi, Gid! Nimezunguka naye mahakama za milimani, ule mwaka ulipougua homa wewe."

Moyo wa Gideon ukatulia. Silas alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Lakini ulitulia kidogo tu.

"Basi pole sana, wakili," akamwambia Pruitt. "Silas anakoroma kama msumeno. Ulikuwa unalala upande gani, ukutani au mlangoni?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Silas hakucheka.

Pruitt aliiva uso. "Unanitukana, mheshimiwa? Mimi nilale na mwanamume? Kila mji nililala chumba changu, peke yangu!"

Kicheko kikakatika.

Mawakili wote pale mezani walilelewa na mizunguko hiyo. Walilala wawili wawili kitanda kimoja, mshitaki na mtetezi wakigombea blanketi moja. Aliyepewa kitanda peke yake alikuwa jaji.

"Kwani ulikuwa jaji?" Gideon aliuliza taratibu.

Mkono wa Pruitt ukazama chini ya meza.

Gideon aliipiga meza teke, ikamgonga Pruitt kifuani. Bastola ya Pruitt, Kolti, ikalia. Bakuli la maharage likapasuka. Kabla moshi haujatawanyika, Pruitt alikuwa chali sakafuni, mdomo wa Deringa, bastola ndogo ya Gideon, ukimgusa shingo.

"Mshikeni! Leteni mkoba!"

Ndani kulikuwa na baruti, na saa inayotembea. Kishindo kilikuwa kimeivuruga saa, na nyundo ndogo ya kuwashia baruti ilikuwa imeanza kuinuka. Gideon alinyakua uma, akauchomeka katikati ya magurudumu.

Saa ikasimama.

Silas alijifuta jasho. "Mungu mkubwa, Gid! Kumbe mtu huyu alinidanganya!"

"Kaa chini, Silas."

"Ati nini?"

"Umesema ulizunguka naye. Mbona hajui tunavyolala?"

Silas aliketi. "Ningekutoa nje mapema, Gid. Wewe nisingekuacha mle ndani."

"Na Amos?"

Silas akayatazama maharage yaliyomwagika. Gideon alitaka kulia, na hakulia. Alichukua kofia yake, akawaachia askari waliokimbilia mlio wa risasi kazi iliyobaki.

Saa nane alikuwa mlangoni pa ghala.

"Mbona peke yako, kaka?" Amos aliuliza. "Silas yuko wapi?"

"Hatakuja." Gideon alifungua koti, akanyoosha mikono. "Nipekue."

"Wee! Waheshimiwa hawapekuliwi."

"Kuanzia leo wanapekuliwa. Mpaka ndani ya buti, Amos."

Amos akampekua huku akicheka, akidhani ni utani. Alipomaliza, Gideon alifunga vifungo vyake kimoja kimoja, akarudi bungeni kupiga kura ya kodi ya mbwa.