Paka Kwenye Ukurasa wa Sare

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwanza dukani kwa mama yake, fundi wa nguo, hata kabla hajavua sare ya shule. Aliokota vipande vya vitambaa chini ya meza, akavitia kwenye gunia, kisha akajaza uzi kwenye bobini huku mdomo ukienda kasi kuliko cherehani. Hakuitwa Chiriku bure. Jina lake halisi lilikumbukwa na mwalimu wa darasa tu, tena wakati wa kuita mahudhurio.

Karibu na mlango aliketi binamu yake, mtoto wa mjomba, aliyeishi nao tangu baba yake apate kazi mbali. Walilingana umri na walisoma darasa moja. Huyu walimwita Kimya. Alikuwa akikunja mapindo na kushona vifungo, na macho yake hayakupitwa na kitu.

"We Kimya, unavyotazama watu utadhani umeajiriwa na polisi!" Chiriku alikuwa akimtania. Kimya alicheka kidogo na kuendelea na kifungo chake.

Dukani mlikuwa na cherehani mbili. Moja ililia kutwa. Ya pili ilikuwa imefunikwa shuka tangu kazi ipungue na msaidizi wa mama aondoke. Basi matroni wa chuo cha uuguzi alipoingia akitafuta fundi wa kushona sare za wanafunzi wake wote, mama alisimama wima. Matroni alilishika gauni lililotundikwa ukutani, akaupindua mshono, akaridhika.

"Mkono wako ni safi, Mama Fundi. Ila mimi nasafiri, na mafundi ninaowafikiria ni wengi. Huna tovuti niangalie kazi zako nyingine? Ijumaa jioni nachagua mmoja."

Mama hajafungua mdomo, Chiriku akadakia, "Ipo! Kesho tu utatumiwa anwani!"

Ipo wapi? Haikuwapo. Lakini katika chama cha kompyuta shuleni walikuwa wanafundishwa kutengeneza tovuti, na msichana huyu, sifa tumpe, hakuwa mvivu. Alipiga picha za sare huku Kimya akizishikilia zisijikunje. Kesho yake kwenye chumba cha kompyuta alizipanga vizuri, akaandika juu: "Sare Imara, Mshono wa Uhakika."

"Safi sana," alisema mwalimu wa kompyuta. "Ila usiitume kwanza. Kipindi kijacho nitawaonyesha namna ya kuchapisha tovuti na anwani gani ya kuwapa watu."

Kungoja! Chiriku na kungoja wapi na wapi? Mwalimu alipogeuka, aliinakili anwani aliyoiona juu ya ukurasa aliokuwa akifanyia kazi, na jioni akamtumia Dada Msusi, jirani wa mlango wa pili. Msusi akarudisha jibu: haifunguki, inasema hana ruhusa. Chiriku akaingia kwenye mipangilio kwa simu ya mama. Akakuta maneno "yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri". Aliposoma "yeyote mwenye kiungo", yaani ile anwani, alitosheka, hakumalizia kusoma, akabonyeza. Ikafunguka. Akaituma kwa matroni, akaituma kwenye grupu la darasa, akamwambia na Dada Msusi awaonyeshe wateja wake.

"Nikuombe nenosiri?" Kimya aliuliza. "Kuna picha ya kola imepinda, niinyooshe. Halafu ile ya vifungo nilivyoshona mimi hukuiweka."

"Nenosiri halitolewi ovyo. Na vifungo nani atavitazama?"

Kimya akageuka na kurudia kifungo chake.

Jumatano asubuhi Chiriku alifungua ukurasa ajisifie kidogo, moyo ukamlipuka. Picha ya gauni la wauguzi haipo! Pale ilipokuwa pamebaki peupe. Aliirudisha haraka haraka, huku akili ikikimbia. Nani anaishika simu ya mama? Nani aliomba nenosiri? Nani alinuna kwa ajili ya vifungo? Alimtupia Kimya jicho. Kimya alikuwa anafunga kamba za viatu, mtulivu kama kawaida, na utulivu ule ule uliompendeza Chiriku jana, leo ulimtia wasiwasi. Mbona hasemi kitu?

Alibadilisha nenosiri, hakumwambia mtu. Shuleni alihama dawati. Nyumbani alilala na simu chini ya mto. Kimya akiingia chumbani, anamtazama mikono. Kimya akitoka, anamchungulia dirishani. Hata alipoletewa maji ya kunywa aliyatazama mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Alhamisi alasiri alifungua tena. Safari hii chini ya kichwa "Sare Imara" alikuwa amelala paka. Paka mnene, wa rangi ya chungwa, amejinyoosha juu ya taulo la mistari kama mwenye nyumba.

Kimya alichungulia begani kwake. "Lo! Hilo taulo mbona kama..."

"Nani kakuuliza?" Chiriku alimfokea na kumfuta paka papo hapo. Kisha akatoka mbio hadi dukani, Kimya nyuma yake. Ndani walikuwapo mama, wateja wawili waliokuja kujaribu nguo, na Dada Msusi aliyefuata mkasi wake ulionolewa.

"Mama, mwizi tunaye humu humu!" Chiriku alipaza sauti. "Anaharibu tovuti yetu ili tukose kazi. Nimebadilisha nenosiri, kalichungulia! Ni huyu!"

Kidole kilimfikia Kimya pale mlangoni. Cherehani ikanyamaza. Wateja wakamgeukia.

"Watoto wa siku hizi!" Dada Msusi alisikitika. "Unalishwa, unavishwa, halafu unafanya hivi?"

"Si mimi, shangazi," Kimya alimwambia mama. "Sijaigusa."

"Ulimwona akifanya?" mama alimuuliza Chiriku.

"Sikumwona, lakini ni nani mwingine? Kwanza hasemagi!"

"Kutosema nako ni ushahidi?" mama alisema kwa ukali. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka na watu walikuwa wameshayasikia. Kimya alichomeka sindano yake kwenye kitambaa na kuondoka. Mama alipomfuata nyumbani alimkuta anakunja nguo zake kuziweka kwenye begi. Anataka arudi kwa baba yake, alisema, asije akaitwa mwizi tena mbele za watu.

Ijumaa baada ya masomo simu ya mama iliita. Alikuwa matroni.

"Mama Fundi, niwie radhi," alisema, na kwa sauti ile kubwa Chiriku alisikia kila neno. "Nimefungua ule ukurasa wenu. Nimeigusa picha ya gauni ili niikuze, ikafutika. Nikajaribu kuirudisha, na maandishi yakaondoka. Mimi hivi vitu sivijui. Sasa sina cha kuwaonyesha wenzangu, na jioni ndiyo tunachagua."

Matroni hana nenosiri. Matroni hajawahi kufika nyumbani kwao. Na amefuta picha! Kumbe mtu yeyote angeweza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Hakungoja kuambiwa. Alimfuata Kimya chumbani. "Nimekukosea. Si wewe. Nitakueleza vizuri, ila nisaidie kwanza, kazi ya mama inapotea."

Kimya alijifuta macho mekundu. Kisha akasukuma begi pembeni na kuvaa viatu.

Shuleni walimkuta mwalimu wa kompyuta anafunga madirisha. Aliitazama anwani kwenye simu, akaguna. "Hii mwisho wake imeandikwa 'hariri', mmeona? Hii ni anwani ya karakana, ya wewe unayetengeneza. Na ruhusa umempa kila mtu. Ni kama mama yako amwite mteja kuangalia gauni, kisha amkabidhi na mkasi. Nenosiri ubadilishe hata kila saa, haisaidii. Mlango uliufungua mwenyewe."

"Na wa kwanza aliyefuta?" Chiriku aliuliza.

"Uliituma wapi? Grupu la darasa? Basi! Wenzako wamebonyezabonyeza tu kuona kinatokea nini."

"Na yule paka ni wa Dada Msusi," Kimya alisema polepole. "Lile taulo la mistari ni la saluni."

Mwalimu alicheka. Akawaonyesha jinsi ya kurudisha ukurasa ulivyokuwa mwanzo na kuondoa ile ruhusa. Chiriku akaiongeza ile picha ya vifungo vya Kimya, kisha mwenyewe akabonyeza kitufe alichokuwa hajawahi kukigusa: Chapisha. Ikatokea anwani nyingine, fupi, ya kutazama tu.

Kidole cha Chiriku kilikuwa njiani kuituma, Kimya akakishika. "Tuifungue kwanza kwenye simu ya mwalimu. Simu isiyo yetu."

Wakaifungua. Wakagusa picha, ikakua, haikufutika. Ndipo walipomtumia matroni, na picha ya vifungo ikiwamo.

Dukani walimkuta Dada Msusi. Kusikia habari za paka alijishika kichwa. "Mama wee! Nilikuwa namtumia dada yangu picha ya paka wangu, na ukurasa wenu nimeuacha wazi. Kumbe nimeibandika kwenu? Na mimi ndiye niliyemsema mtoto wa watu!"

"Ulimwaibisha wapi?" mama alimuuliza Chiriku.

"Hapa. Mbele ya watu."

"Basi."

Wateja wa jana walikuwa wamerudi kuchukua nguo zao. Chiriku, ambaye hajawahi kukosa neno, safari hii alilitafuta kwa shida. "Jana nilisema Kimya ni mwizi. Nilisema uongo. Aliyeharibu ni mimi, kwa haraka yangu, na sikutaka kumsikiliza. Nisamehe, binamu." Dada Msusi naye akamshika Kimya mkono na kumwomba radhi.

Jua lilikuwa linazama ujumbe wa matroni ulipoingia: "Tumeona. Mmoja wetu kasema fundi anayeshona vifungo hivyo hana mchezo. Jumatatu njoo uchukue vipimo." Mama alisoma, akamwonyesha Kimya maneno yale, kisha akaenda kuiondoa shuka juu ya cherehani ya pili.

Alipanguza vumbi kwanza, ndipo akamwambia Chiriku, "Juzi nilikusikia ukijisemea kikulacho ki nguoni mwako, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Msemo ni wa kweli. Lakini mtu akihisi kaumwa, hakimbilii kuvua nguo ya mwenzake. Anaanza kukung'uta ya kwake. Na kitu usichokijua, usikitume kwa watu kabla hujauliza." Akavuta kigoda mbele ya cherehani. "Kimya, njoo ukae hapa. Chiriku, lete uzi."

Chiriku akaleta uzi, na kwa mara ya kwanza dukani humo, alikaa kimya akasikiliza.