Amplifaya ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alisukuma makochi ukutani na kudeki sebule. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Sakafu ikikauka, mama yake aliwafundisha wanawake wa mtaani mazoezi ya viungo, kwa muziki wa amplifaya na spika mbili kubwa. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Jumamosi hiyo umeme ulikuwa na vituko. Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena.

“Chomoa amplifaya,” mama alisema akienda kuoga. “Usichomeke mpaka umeme utulie.”

“Sawa, mama.”

Lakini Chiriku alikuwa akijaribu wimbo mpya, na kila ulipofika kwenye kiitikio, umeme ulikatika! “Nichomoe, nichomeke, nichomoe tena! Mimi fundi umeme?” alifoka. Akaiacha plagi ukutani.

Umeme uliporudi, taa iling’aa kupita kiasi. Spika zikanguruma, amplifaya ikalia “pa!” na moshi mwembamba ukatoka mgongoni mwake.

Chiriku alibonyeza kitufe. Akaipigapiga. Akaibembeleza. Wapi! Haraka haraka akachomoa plagi, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Mama alitokea akinusa. “Nini kinaungua? Ulichomoa?”

“Nilichomoa.”

“Kabla au baada?”

Chiriku aliitupia plagi jicho. Angeweza kudanganya, plagi ilikuwa chini, nani angejua? “Baada, mama.”

Mama hakugomba. Alikaa kwenye kochi, akashika kichwa. Tayari wanawake walikuwa mlangoni na mikeka yao. Siku hiyo aliwahesabia kwa mdomo, “Moja, mbili, tatu, nne,” mpaka sauti ikakauka. Wawili waliaga kabla ya mwisho. Chiriku alitamani ardhi immeze.

Fundi wa redio alipoifungua, ndani palikuwa peusi. “Ingekuwa fyuzi tu, mngesubiri hapa hapa,” alisema. “Transfoma nayo imeungua, na ya aina hii ni ya kutafuta.”

Ikatafutwa, haikupatikana upesi. Jumamosi zilizofuata Chiriku alipiga ndoo kwa mwiko badala ya muziki, mikono ikimuuma, mdundo ukimpotea, wanawake wakigongana na kununa. Alichukia ndoo, alichukia umeme, lakini hakuiacha kazi.

Hatimaye amplifaya ilipona. Fundi aliwapa pia kilinda umeme. “Hiki kinakata umeme ukizidi, na ukirudi kinasubiri utulie. Ila radi ikianza, msikitegemee. Chomoeni.”

Nyumbani Chiriku alikichomeka, akapumua. “Afadhali! Sasa umeme na ukatike utakavyo.”

“Njoo ukae,” mama alisema. “Kitu kuharibika ni jambo la kawaida, mwanangu. Kilichoniuma ni kwamba ulikubali kazi, ukaiacha, nami nikaoga nikijua imefanyika. Siku nyingine ukichoka, niite. Nitatoka hata na povu kichwani, nichomoe mwenyewe.”