Kwikwi ya Kasuku

Asubuhi hiyo Kasuku aliyakuta mawe yamelowa. Jana yake aliyaacha makavu ndani ya bakuli la udongo, juu ya kabati, mahali ambapo hapakuwa na bomba wala tundu la paa. Alichovya kidole, akaonja. Chumvi. Akajiambia ni ile chumvi ya kuoshea, akayafuta kwa upindo wa gauni lake, akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoleta yote yaliyofuata.

Shangazi yake alikuwa akiwatuliza wafiwa kwa mawe. Chumba chao cha mbele kilikuwa na viti, pazia la kijani na dirisha moja. Mawe yenyewe yalikuwa madogo na laini kama kokwa iliyonyonywa. Yalitoka kwenye mlima uliowahi kutema moto. Ule moto ukapoa upesi, ukageuka kioo. Ukiliweka jiwe mezani ni jeusi tii. Ukiliinua dirishani, mwanga unapenya, na ndani yake unaona rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Huzuni nayo ni hivyo hivyo," Shangazi aliwaambia watu. "Ukiilalia, giza. Ukiiinua, inapitisha mwanga."

Mfiwa alilibana jiwe kwenye kiganja cha kushoto, akaliambia yale asiyoweza kumwambia binadamu. Wengine walipewa moja la kwenda nalo, liwakinge na vivuli vinavyopenda kukaa penye msiba.

Kazi ya Kasuku ilikuwa kuosha. Jiwe likishatumika liende moja kwa moja bombani, lioshwe kwa chumvi na maji yanayotiririka, na mwoshaji asiseme neno.

"Hiki ni kioo, mwanangu," Shangazi alimwonya. "Vioo vingine vinashika sura. Hiki kinashika na sauti. Usikioneshe kitu usichotaka kukiona tena."

Lakini kumnyamazisha Kasuku ni kumwambia jogoo asiwike. Tangu baba yake afariki na shule ikaishia hapo, kipaji chake kilikuwa kimoja tu: kuiga watu. Alimwiga mwalimu mkuu anavyokohoa kabla ya kuchapa. Alimwiga muuza mkaa na kigugumizi chake. Mtaa mzima ulicheka, ukampa hilo jina, naye akalivaa kama taji.

Sasa, ile jana alikuja mjane wa fundi umeme. Mumewe alipanda nguzo asubuhi akiwa mzima, akashushwa maiti. Nyuma ya pazia, Kasuku alimsikia akiliambia jiwe kwa sauti ndogo, bila hata kulia: "Chai yake nilikuwa nimeifunika kwa kisahani, isipoe. Mpaka leo namimina, nafunika. Jioni namwaga."

Kasuku alipokabidhiwa lile jiwe alipita bomba kama halioni, akaingia saluni ya jirani, kwa shoga yake msusi. Akajitanda taulo kichwani, akalibana jiwe kifuani, akayageuza macho juu.

"Babaaa! Chai imepoa, babaaa! Kwik!"

Ile kwik, kwikwi ya kuku aliyekabwa na punje, aliitia yeye mwenyewe. Wateja walicheka hadi mmoja akatoa kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele asije akaungua.

"Rudia, Kasuku! Rudia!"

Akarudia mpaka koo likamkauka. Jiwe aliliosha jioni, chapuchapu, bado anacheka.

Baada ya mawe kulowa ikaja harufu. Harufu ya chai iliyolala kikombeni, na ndani yake kitu kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Kasuku alifungua dirisha, akapiga deki. Harufu haikutoka.

Kisha mchana mmoja Shangazi, aliyekuwa anapiga pasi, alisimama ghafla.

"Nenda kaangalie. Kuna mtu analia chumba cha mbele."

"Hakuna mtu, shangazi. Mlango nimeufunga."

"Shh. Sikiliza."

Kilio kilikuja polepole, kikavutwa, kikapanda, kikakatika: kwik. Shangazi aliiinua pasi isiunguze nguo.

"Anayelia hivyo hana uchungu," alinong'ona. "Huyo anaigiza."

Kasuku aliijua ile sauti kama anavyoujua mkono wake.

Wateja wakaanza kuogopa. Dereva mmoja mstaafu, aliyemzika binti yake, alilitupa jiwe ukutani. "Linanicheka! Mama, nimekuja na msiba wangu, mnanicheka?" Aliondoka bila kofia yake. Habari ikatembea, viti vikabaki vitupu. Shangazi hakumlaumu mtu. Alifunga, akaomba, akaosha kila jiwe upya, akaisugua mikono yake kwa chumvi mpaka ikachubuka.

"Labda ni mimi," alisema. "Labda nimechafuka bila kujua."

Kasuku alimpaka mafuta, kidole kwa kidole. Neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakulitema. Hakuwa na nyumba nyingine duniani. Zaidi ya hapo, aliuogopa uso wa shangazi yake siku utakapojua.

Mjane wa fundi umeme alirudi alasiri ya mvua, umeme umekatika. Yeye hakuwa amesikia maneno ya mtaani. Alikaa, akalipokea jiwe, akafumba macho. Kasuku alisimama nyuma ya pazia. Akaomba moyoni lisiseme, walau leo lisiseme, mbele ya huyu lisiseme, lakini harufu ya chai iliyolala ilikuwa imeshaanza kupanda kutoka kwenye bakuli, na maji nayo yakapanda, yakafurika, yakachuruzika kwenye kabati, yakatambaa sakafuni hadi kwenye nyayo zake, ya moto kama machozi, na kutoka ndani ya yale mawe ikaja sauti yake mwenyewe, sauti aliyoamka nayo kila siku:

"Babaaa! Chai imepoa, babaaa! Kwik!"

Mjane alifumbua macho.

"Hayo niliyasema humu," alisema, akikitazama kiganja chake. "Sikumwambia mtu."

Shangazi alilisogelea bakuli. "Nani wewe?"

"Nililala tangu mlima ulipopoa," bakuli likanong'ona. "Nikaamshwa na kicheko."

"Nani amekufundisha kulia?"

Saluni nzima ikajibu kutoka ndani ya mawe, wanawake na vicheko vyao: "Rudia, Kasuku! Rudia!"

Shangazi hakugeuka. Kasuku aliona mgongo wake tu, jinsi ulivyoshuka, kama mtu aliyetwishwa gunia.

"Unataka nini?"

"Nimefundishwa kulia. Sijapewa wa kumlilia."

"Humu hamna maiti wako! Rudi mlimani kwenu!" Shangazi alimwaga chumvi yote juu ya mawe, akaweka mikono yake yenye vidonda juu ya chumvi, akaomba kwa sauti mpaka bakuli likapasuka pande mbili. Harufu ikatoka mara moja. Ikabaki mvua.

Kasuku alitoka nyuma ya pazia, akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

Mjane alimtazama. "Ile kwikwi. Ulinisikia nikiitoa?"

"Hapana, mama. Niliiongeza."

"Basi hiyo si yangu," mjane alisema. "Ni yako." Akachukua mwavuli wake.

Shangazi hakumpiga, hakumfukuza. Alisema jambo moja tu, akiokota vigae: "Ungeniambia wakati ule naisugua mikono."

Mvua zilipokata, Shangazi alianguka jikoni, asiamke tena. Presha, daktari alisema. Wanawake wakajaa chumba cha mbele, wakakaa chini bega kwa bega. Kasuku alikaa katikati yao na jiwe moja kwenye kiganja cha kushoto, kama alivyoona wengine wakifanya. Hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda huyu. Uchungu ulipanda kutoka tumboni, ukajaa kifuani, ukafika kooni. Akafungua mdomo autoe.

"Babaaa! Chai imepoa, babaaa! Kwik!"

Wanawake wakageuka kumtazama. Mlangoni, mjane wa fundi umeme aliinamisha kichwa. Msusi alimvuta Kasuku mkono, uso umemwiva.

"Kasuku," alinong'ona, "hata leo?"

Alitaka kusema siyo mimi. Alifungua mdomo tena. Kwik. Akauziba kwa kiganja cha kulia. Macho yake yalikuwa makavu kama mchanga, na kwenye kiganja cha kushoto jiwe lilikuwa limeanza kulowa.